Damu ya Kumpa Mgonjwa: Jinsi Ilivyopata Kuwa Salama

Katika pwani yetu hii hakuna asiyejua habari za kuumikwa. Tangu zamani za wazee wetu, mtu akiumwa na kichwa au mgongo alikwenda kwa muumishi, akachanjwa kwa wembe, akawekewa chuku, na damu iliyosemwa kuwa mbovu ikatoka. Basi kutoa damu mwilini si jambo geni kwetu. Jambo geni ni kinyume chake, yaani kuitwaa damu ya mtu mwenye afya na kuitia katika mishipa ya mgonjwa ili aishi. Leo jambo hili hufanywa katika hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, wala halimshangazi mtu. Lakini twapenda mjue ya kuwa kwa muda wa zaidi ya miaka 200 damu ya namna hiyo iliweza kuponya au kuua, na mganga mwenyewe hakujua litakalotokea. Na tutazame jinsi hatari hiyo ilivyopunguzwa, hatua kwa hatua, na ni hatua gani iliyobaki mikononi mwetu sisi wenyewe.

Mwaka 1628 mganga Mwingereza, William Harvey, alitoa kitabu kilichoonyesha ya kuwa damu huzunguka mwilini, ikisukumwa na moyo. Watu walipokwisha kulifahamu hilo, wakajiuliza: Je, haiwezekani kuongeza damu katika mzunguko huo? Mwaka 1667, huko Paris, Jean-Baptiste Denis alimtia kijana mmoja damu ya mwana-kondoo, na kijana hakufa. Baadaye akamtia mtu mwenye wazimu damu ya ndama, na mtu yule akafa. Mganga akapelekwa mahakamani. Hakuhukumiwa kwa kifo kile, lakini kazi yenyewe ilipigwa marufuku katika Ufaransa, ikasahauliwa kwa miaka mingi.

Aliyeifufua ni James Blundell wa London. Yeye alikuwa mganga wa wazazi, na alihuzunishwa sana na wanawake waliokufa kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mwaka 1818 alianza kuwatia wagonjwa damu ya binadamu, kwani alikwisha kutambua ya kuwa damu ya mnyama haimfai mtu. Wengine walipona, na wengine walikufa. Kwa nini damu iliyomwokoa huyu imwue yule? Hakuna aliyeweza kujibu.

Jibu lilipatikana Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1901 Karl Landsteiner alieleza jinsi alivyochanganya damu yake na damu za wenziwe katika vyombo vya kioo. Akaona ya kuwa damu nyingine zilichanganyika vizuri, na nyingine ziliganda madonge madonge. Akafahamu ya kuwa damu za watu si za namna moja. Leo makundi hayo huitwa A, B, AB na O. Mtu wa kundi A ana kinga katika maji ya damu yake iliyo adui wa chembe za B. Wa B ana kinga iliyo adui wa A. Wa O anazo zote mbili. Na wa AB hana hata moja. Mgonjwa akitiwa chembe ambazo kinga yake ni adui wao, chembe hizo hupasuka mishipani, mafigo hudhurika, na huenda akafa. Kwa kazi hii Landsteiner alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener wakatangaza alama nyingine ya damu, iitwayo Rh, ambayo nayo hupimwa hata leo.

Hapa pana fundisho kwetu. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, na walikusudia udugu. Lakini udugu wa nasaba si udugu wa makundi. Baba wa kundi A na mama wa kundi B huweza kupata watoto wa makundi yote manne. Kwa hiyo huenda ndugu yako wa tumbo moja asikufae, akakufaa mtu wa Tumbatu ambaye hamjapata kuonana. Ndiyo sababu damu ya mgonjwa na damu atakayopewa hulinganishwa kwanza katika maabara, hata ikiwa mtoaji ni ndugu yake.

Ilibaki shida ya kuganda. Damu ikitoka mwilini haikawii kuganda, na kwa hiyo ilimlazimu mtoaji kulazwa ubavuni mwa mgonjwa. Mwaka 1914 Albert Hustin wa Brussels na Luis Agote wa Buenos Aires, kila mmoja peke yake, walionyesha ya kuwa dawa iitwayo sitrati huizuia damu isigande. Tangu hapo damu iliweza kuwekwa akiba mahali penye baridi. Mwaka 1921 Percy Oliver alianza kuandikisha watu katika London waliokuwa tayari kutoa damu bure kila waitwapo. Na mwaka 1937 Bernard Fantus alifungua katika hospitali moja ya Chicago akiba aliyoiita benki ya damu, na jina hilo likaenea duniani.

Katika pwani yetu elimu hii ilikuta hofu. Kamusi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939, kazi ya Frederick Johnson na kamati yake, ina neno mumiani. Asili yake ni dawa nyeusi kama ulimbo, iliyosemwa kutoka Uajemi. Lakini watu wengi waliamini ya kuwa ni damu ya watu waliouawa kwa siri, na uvumi ukiingia mjini hawakutoka nje baada ya magharibi. Mwezi wa Juni 1947 uvumi wa namna hiyo uliwafanya watu wa Mombasa wakishambulie kituo cha zimamoto. Hatuwacheki watu wale. Mtu asiyeelezwa damu yaenda wapi hujitungia maelezo yake mwenyewe. Na dawa ya hofu hiyo ni moja, nayo ni kumwonyesha mtu kila hatua, tangu sindano inapoingia mkononi mwake hata chupa inapomfikia mgonjwa.

Baadaye ikaja hofu ya haki. Mwaka 1986 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa hapa Zanzibar, na ikajulikana ya kuwa maradhi hayo hupita katika damu. Kipimo chake kilikuwa kimepatikana mwaka uliotangulia. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii ya 21, Tanzania Bara na Zanzibar, kila upande kwa wizara yake ya afya, ziliunda huduma maalumu ya damu salama. Kila damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Lakini mtu aliyeambukizwa juzi huenda asionekane katika kipimo. Kwa hiyo mtoaji huulizwa maswali, na yampasa kujibu kweli. Atoaye kwa hiari hana sababu ya kuficha. Atoaye kwa kutaka fedha, au kwa kusukumwa na jamaa zake, huenda akaficha.

Hatua ya mwisho ni kitandani. Hapa Unguja majina yetu hufanana mno, na si ajabu kuwakuta akina Fatma Ali wawili katika wadi moja. Kwa hiyo muuguzi humwuliza mgonjwa jina lake, wala hamtajii. Kisha husoma namba na kundi katika karatasi na katika mfuko wa damu, na mwenziwe husoma tena. Damu ikitoka katika baridi haifai kuachwa zaidi ya nusu saa kabla ya kuanza kutiwa, na yapasa iishe katika muda wa saa 4. Dakika 15 za kwanza mgonjwa huangaliwa sana. Akitetemeka, akipata homa, akibanwa na pumzi au akiumwa na kiuno, damu hiyo husimamishwa mara moja na daktari huitwa. Jamaa mnaomwuguza, mkiona dalili hizo, semeni upesi, msione haya.

Malaria ilipopungua sana visiwani baada ya mwaka 2003, kwa dawa mpya na vyandarua, watoto waliolazwa kwa upungufu wa damu walipungua pia. Lakini mama wa Makunduchi au Kivunge anayetokwa na damu baada ya kujifungua hana nafasi ya kungoja jamaa zake watafutwe. Huweza kufa kabla ya saa 2 kupita. Kinachomfaa ni damu iliyokwisha kutolewa, kupimwa na kuwekwa katika baridi kabla yeye hajashikwa na uchungu. Damu hiyo nayo haidumu ila siku 35 hivi. Kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani watoaji hupungua, wala uzazi haungoji Idi.

Basi mtu mwenye afya, aliyetimiza miaka 18 na mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa damu: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kipimo ni kama nusu lita, na mwili huirudisha. Wataalamu wa Vienna, Brussels na London walikwisha kufanya yao. Hatua iliyobaki ni mkono wa mtu wa mjini na wa shamba, unaonyoshwa mapema, kwa ajili ya mgonjwa asiyejulikana jina lake.