Kitabu Gani cha Nahau na Insha ya Kiarabu kwa Mtoto Anayesomeshwa Nyumbani?



Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, Unguja na Pemba, huuliza: mtoto ameshakhitimu msahafu, sasa aanze nahau kwa kitabu gani? Jibu kwa ufupi: kile kitakachomfanya aandike sentensi zake mwenyewe, si kile chenye jina kubwa.

Umuhimu wake

Imam Shafi katika Ar-Risala ameeleza kuwa kila Muislamu anapaswa kujifunza Kiarabu kwa kadiri ya uwezo wake. Kubobea katika nahau ni fardhi kifaya, lakini hatari ya kukosea inamgusa kila msomaji. Katika Surat At-Tawba, aya ya 3, Allah Anatangaza kuwa Yeye na Mtume Wake wamejitenga na washirikina. Neno "rasuuluhu" likisomwa "rasuulihi", maana inageuka kuwa Allah Amejitenga na Mtume Wake! Na hiyo ni irabu moja tu.

Vitabu vitatu vinavyojulikana

1. Al-Ajurrumiyya. Mtungaji ni Ibn Ajurrum wa Fes, aliyefariki mwaka 723 Hijria (1323). Ni matni fupi, nyepesi kuhifadhi, na imezoeleka katika vyuo vyetu. Lakini haina mazoezi. Mtoto anaweza kuihifadhi yote kisha akashindwa kuandika sentensi tatu kuhusu nyumba yao.

2. Durus al-Lugha al-Arabiyya, cha Dkt. V. Abdur Rahim. Kilitungwa kwa wanafunzi wasio Waarabu katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Kitabu cha kwanza kina masomo 23 na huanza na maneno kama "haadhaa" na majina ya vitu vya nyumbani. Kanuni huja kidogo kidogo, na kila somo lina mazoezi.

3. An-Nahw al-Wadih, cha Ali al-Jarim na Mustafa Amin wa Misri. Kila somo lina mifano, uchambuzi, kanuni, kisha mazoezi, yakiwemo ya insha. Ni kizuri sana, ila kiliandikwa kwa wanafunzi ambao Kiarabu ni lugha yao.

Mpangilio tunaoushauri

Mtoto wetu hasikii Kiarabu sokoni wala jikoni, kwa hiyo aanze na Durus. Akishaweza kuandika aya fupi ahamie An-Nahw al-Wadih, sehemu ya msingi. Ajurrumiyya aihifadhi wakati huo, kwa ustadhi wa kumsherehesha.

Kabla ya kununua

• Mjaribu kwa imla. Wengi chuoni wamezoea kutambua herufi kwa macho, lakini hawajui kuziunganisha kwa mkono. Huyo aanze na hati na imla kwanza.
• Fungua somo la katikati. Kama mazoezi yote ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kitabu hicho hakitoshi.
• Jiulize nani atasahihisha. Mzazi asiyejua Kiarabu amtafute ustadhi wa kupitia daftari kila wiki, kwani kosa lisilosahihishwa hugeuka mazoea.
• Majibu yaandikwe katika daftari, ili wadogo zake nao wakitumie kitabu.

Tanbihi: anayemsomesha mtoto nyumbani badala ya skuli aulize kwanza afisi ya elimu ya wilaya yake, asije akamfungia mtoto mlango wa mitihani.

Allah Ameapa kwa kalamu mwanzoni mwa Surat Al-Qalam. Basi mtoto asiishie kusikiliza kanuni; kila siku aandike, japo sentensi mbili.

Na Allah Anajua zaidi.