Makadhi wa Pwani: Kwa Nini Upande Wetu wa Ruvuma Hakuna Kadhi?



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wa madrasa wanapofika mlango wa hukumu katika fiq-hi huuliza swali moja kila mwaka: kadhi wetu yuko wapi? Wanasoma sharti zake, kwamba awe mwadilifu, mwenye elimu, asiyependelea, kisha wakitazama Palma, Mocímboa da Praia au Ibo hawamuoni mtu mwenye cheo hicho. Wanamuona mwalimu wa msikiti akiandika talaka na kugawa mirathi kwa kalamu yake mwenyewe, bila mhuri wa serikali. Mombasa kadhi ana mahakama, ana karani, na mshahara wake hutoka hazina ya dola.

Wengi hujibu kwamba wazee wetu hawakuwa na elimu. Jibu hilo halina insafu. Pwani hii ilisoma Minhaji ile ile ya Imam Nawawi iliyosomwa Lamu na Unguja, na mashehe walikuja kwa majahazi kutoka Unguja na Ngazija. Tarika ya Shadhiliya ilifika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1897, na Kadiriya miaka michache baadaye. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni saini ya mtawala chini ya barua ya kumteua kadhi, na saini hiyo ilikuwa mikononi mwa wanasiasa waliokaa mbali sana na sisi.

Tuanze na ramani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba pwani ya Sayyid wa Unguja ni ukanda wa maili 10 kuanzia mto Minengani, kwenye ghuba ya Tungi, hadi Kipini. Kwa hesabu hiyo Tungi yetu ilikuwa ya Unguja. Wareno hawakukubali. Februari 1887 waliipiga kwa mizinga wakaitwaa. Kionga ikashikwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaichukua 1916 katikati ya vita, na 1919 ikatambuliwa kuwa yao. Wakati wote huo nchi hii iliendeshwa na Kampuni ya Nyassa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kutawala hadi 1929. Kampuni ilitaka kodi na watu wa kufanya kazi. Kadhi hakuwa na faida kwake.

Sasa tutazame Unguja ya miaka hiyo hiyo. Sayyid Ahmad bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa mtu wa bahari na biashara kabla ya kukaa kwenye kiti cha hukumu. Sayyid Barghash akamteua kadhi angali kijana. Baada ya miaka michache akaiacha kazi, akaenda Istanbul, ambako Sultani Abdulhamid alimtunukia nishani, akapita Makka na nchi nyingine, na aliporejea Unguja mwaka 1888 akawa kadhi tena mpaka alipofariki 1925. Hapa tunaomba wanafunzi wasimame kidogo. Mtu huyu aliweza kuondoka. Hakuwa na njaa ya cheo, kwa hiyo mtawala hakuwa na kamba ya kumfungia. Sote tunaijua hadithi ya makadhi watatu, wawili wao wa motoni na mmoja wa peponi, ndiyo maana wanazuoni wengi wa zamani waliukimbia ukadhi.

Mombasa alikuwepo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891. Alianza na kalamu. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na 1932 gazeti la Al-Islah, akiwakemea Waislamu wenzake kwa uvivu wa kusoma na kwa kuiga Wazungu ovyo. Mwaka huo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichobaki nacho hadi kufa kwake 1947. Waliomteua ni Waingereza. Kuna wanaomlaumu kwa kupokea kazi ya serikali ya kikoloni. Sisi tunaona kwamba mwanamke aliyedai nafaka yake mwaka 1938 alihitaji kadhi aliyeijua sheria, na alimpata.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa: makadhi watabaki? Tarehe 5 Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule huko Pemba, na Jomo Kenyatta walibadilishana barua. Unguja ikaiachia Kenya ule ukanda wa pwani, na Kenya ikaahidi kwamba makadhi watabaki daima kwa mambo ya Waislamu ya ndoa, talaka na mirathi. Miezi mitatu baadaye, Januari 1964, serikali ya Shamte ilipinduliwa. Barua yake ikabaki.

Na barua hiyo ndiyo iliyompatia kazi mtu mwingine wa Unguja. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa 1912, alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule, kisha Kadhi wa Unguja tangu 1960. Mwaka 1967 akahama, na 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili, iliyochapishwa 1969, iko katika nyumba nyingi za pwani. Alifariki Oman mwaka 1982. Yeye pia aliandika juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya watu kama Bin Sumeit tumeyapata kwake.

Msidhani kwamba huko kaskazini mambo ni salama. Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya walitamka kuwa kuwaweka makadhi ndani ya katiba ni kupendelea dini moja. Wananchi walipopiga kura tarehe 4 Agosti mwaka huo waliipitisha katiba mpya, na makadhi wamo humo, ibara ya 170. Tanzania Bara ilifuata njia nyingine: baada ya uhuru ilifuta mahakama za makadhi, ikawaachia mahakimu wa kawaida kutumia sheria ya Kiislamu katika mirathi, na 1971 ikatunga sheria moja ya ndoa kwa wote. Kwa hiyo jamaa zetu wa Mtwara, ng'ambo tu ya mto, nao hawana kadhi wa serikali. Zanzibar wanao.

Kwetu Msumbiji dola ya 1975 haikutaka dini iingie mahakamani kabisa. Milango ilifunguka kidogo na katiba ya 1990, na katika uchaguzi wa 1994 vyama vyote viwili vikubwa vilihitaji kura za Waislamu. Ndipo mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria ya kuzifanya Idi zote mbili kuwa sikukuu za taifa. Rais Chissano hakuitia saini, akaipeleka Mahakama ya Juu, iliyoongozwa na Mário Mangaze tangu 1988 hadi 2009. Majaji wakasema inakwenda kinyume na katiba, kwa kuwa dola na dini vimetenganishwa. Wabunge walikuwa na wingi wa mikono. Majaji wachache wakaufuta. Wazee wetu walisikitika sana, lakini tuwaambie vijana ukweli: ukuta ule ule unaoizuia Idi kuwa sikukuu ya taifa ndio unaomzuia pia waziri kutupangia khatibu wa Ijumaa.

Hakuna kadhi, lakini mlango mdogo upo. Katiba ya 2004 inatambua kwamba kuna kanuni nyingine za kusuluhisha watu zisizokuwa za serikali, mradi zisipingane na misingi ya katiba, na mahakama za jamii zimekuwepo kisheria tangu 1992. Sheria ya familia ya 2004, na ile ya 2019 iliyoshika nafasi yake, zinakubali ndoa ya kidini, ila si mke wa pili.

Vijana walioanza mashambulizi Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 waliwaambia watu wasiende shule za serikali wala mahakama zake, wakidai hukumu ya Mwenyezi Mungu iko kwao. Hawakuwa na kadhi hata mmoja wa daraja ya hao tuliowataja. Viongozi wa Kiislamu wa mkoa walikuwa wameionya serikali mapema. Machi 2021 ikafuata Palma, na ofisi zikachomwa pamoja na majalada yake.

Leo mjane anayedai shamba la mumewe hana cheti. Ana mashahidi wawili wa nikaha, ikiwa wako hai, na mwalimu aliyefungisha, ikiwa amerudi kutoka ukimbizini. Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu waandike kila nikaha katika nakala mbili, wataje mahari na majina kamili ya mashahidi, na wawapeleke maharusi kwenye ofisi ya usajili kabla ya mwezi kwisha.