Bu-ngo-ma, si Bun-go-ma: historia fupi ya kukata silabi

Wasomaji wangu, leo tuzungumze juu ya kistari, kile kialama kinachokata neno mwisho wa mstari. Huniudhi ninapoona ripoti imeandika "Bun-", halafu "goma" ikashuka chini. Mtu wa Bungoma hasemi hivyo. Husema Bu-ngo-ma, kama jirani yake wa Kitale asemavyo Ki-ta-le, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ngo, ta.

Chanzo ni hiki. Mwaka 1983 Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth pale Stanford, alimaliza tasnifu kuhusu kukata maneno kwa kompyuta. Alitumia vipande vya herufi vyenye namba: witiri huruhusu kukata, shufwa hukataza. Kiingereza kilipata vipande 4,447. Njia hiyo iliingia TeX, baadaye OpenOffice. Lakini kila lugha huhitaji orodha yake, na jina letu likipitishwa kwenye orodha ya Kiingereza hukatwa Kiingereza.

Wafaransa wana yao. Mkazo wao huangukia silabi ya mwisho inayosikika. Neno "table" huandikwa silabi mbili, ta-ble, ila mkazo uko kwenye "ta" kwa sababu ile e ya mwisho ni kimya.

Sisi tulihesabu silabi zamani. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mizani 8 kila kipande. Kipimo kilikuwa sikio.

Basi unaweza kudhani programu ya Kiswahili ni rahisi: kata baada ya kila vokali, kwisha. Nilipoanza kuiandika nilikutana na "mbuzi" na "mbunge". Mbuzi ana silabi mbili, mbu-zi. Mbunge ana tatu, m-bu-nge, kwa kuwa ile m ni kiambishi cha mtu. Herufi ni zile zile! Tena kuna "barabara": ya magari ina mkazo kwenye ba ya pili, ile ya "sawasawa" kwenye ra ya kwanza. Tahajia haionyeshi tofauti, na mashine inayosomea kipofu gazeti lazima iijue.

Kwa hiyo kanuni pekee hazitoshi. Inatakiwa kamusi iliyowekewa silabi na mkazo, neno kwa neno, na watu wanaoisikia lugha. Mimi nimeanza na herufi M.