Ngitili, Plau na Majaruba: Wakulima wa Mwamapalala na Mvua Zinazobadilika

Mwamapalala ni kata ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mkoa huo kumegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ilikuwa chini ya Wilaya ya Bariadi. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji kwa pamoja. Ukame wameuzoea tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni nani mwenye kauli juu ya ardhi, ng'ombe na nguvukazi, na hilo ndilo lililoamua mara nyingi nani angevuka mwaka mbaya.

Kinga ya zamani ilikuwa kutotegemea shamba moja. Kwenye luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, walipanda mihogo, karanga na viazi vitamu. Mbugani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji, baadaye wakachimba majaruba ya mpunga. Viazi vilivyozidi vilikatwa vipande na kuanikwa vibichi, vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza, vikawa matobolwa. Vikikauka vizuri hukaa ghalani kwa miezi, na njaa ikibisha hodi hupikwa na karanga.

Mifugo nayo ilikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, sehemu baada ya sehemu, ili maksai na ndama wasife kabla ya msimu wa kulima. Wavamizi walishtakiwa kwenye dagashida, baraza la jamii, na kutozwa faini.

Wakoloni walivuruga mizani hiyo. Vichaka vya Usukuma vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na pamba ikasambaa kwa kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1955 vyama vya ushirika viliungana chini ya uongozi wa Paul Bomani kuuza pamba ya wakulima. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe na plau, na plau ikapanua mashamba mpaka yakameza malisho. Serikali ya kikoloni iliamuru kulima matuta na kupunguza mifugo. Wakulima walipinga kwa nguvu, na haishangazi, kwani ng'ombe ndiyo benki iliyokuwa karibu nao.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliacha kovu kubwa zaidi. Familia zilihamishiwa kwenye vijiji vipya, ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe, miti ikaishia kuwa kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Ulifanikiwa kwa sababu uliirudia ngitili na kuwaachia wanavijiji na dagashida usimamizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa mkoani Shinyanga, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo, ujuzi huo wa kukabili ukame hauwafaidishi wote kwa usawa. Mtama huvumilia ukame kuliko mahindi, lakini unahitaji walinzi wa ndege, na watoto waliokuwa wakiwafukuza sasa wako shuleni. Basi wengi hupanda mahindi wakijua hatari yake. Mjane asiye na maksai husubiri wenye plau wamalize mashamba yao, ndipo alimiwe. Mvua ikiwa imeanza kwa kusuasua, wiki mbili za kusubiri zinatosha kumnyima mavuno, hata akiwa na mbegu bora ndani. Mwenye ng'ombe huuza mmoja akanunua chakula, au akaswaga kundi zima kusini. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wengi wamehamia Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, ambako ugomvi wa malisho umewafuata. Asiye na ng'ombe hubaki, akikodi ardhi kwa msimu mmoja mmoja, na ardhi ya kukodi haipandwi miti wala haifungwi iwe ngitili.