Fidla, Indingidi na Swali la Uzuri

Wako wapenzi wa muziki wadhanio kwamba sauti iliyo safi ndiyo sauti iliyo njema. Sisi tukaao Magara, kando ya ziwa kati ya Bujumbura na Rumonge, tunayo sababu ya kulipima wazo hilo. Hapa Burundi kipo chombo kiitwacho indingidi, aina ya zeze yenye uzi mmoja tu, ipigwayo kwa upinde mdogo. Sauti yake hukwaruza. Hata hivyo mpigaji, ambaye aghalabu ndiye mwimbaji, huifanya ipande na kushuka pamoja na maneno yake, mpaka msikilizaji ausahau mkwaruzo na kuisikia habari.

Fidla ya Ulaya ina nyuzi nne, nayo katika karne ya 20 ilizusha ubishi huohuo. Jascha Heifetz, aliyezaliwa Vilnius mwaka 1901, alipiga mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie, New York, mwaka 1917. Tangu hapo jina lake likawa kipimo cha usafi: kila noti mahali pake, hata katika mwendo wa kasi mno.

Joseph Szigeti, mzaliwa wa Budapest wa mwaka 1892, hakusifiwa kwa utamu. Wengi waliiona sauti yake kavu, na uzeeni mkono wake ulipungua uthabiti. Lakini watungaji walimthamini sana. Eugène Ysaÿe, baada ya kumsikia akipiga Bach, alitunga mwaka 1923 sonata sita za fidla peke yake, na ya kwanza akamtunukia yeye. Béla Bartók naye alimtunukia rapsodi yake ya kwanza, ya mwaka 1928, na mwaka 1940 wakapiga pamoja mjini Washington.

Isidhaniwe kwamba ukwaruzi ni fadhila, wala kwamba Heifetz alikuwa mtupu. Konseto ya William Walton ya mwaka 1939 ilitungwa kwa ajili yake. Ila upinde una desturi yake: mpigaji akiukandamiza ili noti moja iwe na uchungu, mara nyingi hulipa kwa ulaini. Hapana budi achague.

Uchaguzi huo watuhusu walimu. Darasani yuko mwanafunzi asomaye shairi kwa matamshi maangavu bila kulielewa, na yuko mwingine ambaye ulimi wake bado wavuta lafudhi ya Kirundi, lakini kila mshororo autamkao umekwisha kumgusa. Kwa miaka mingi nilimpa wa kwanza alama za juu, na wa pili nikamsahihisha mpaka akanyamaza. Nilikosea. Siku hizi nawaomba wote wawili wasome shairi lilelile kwa zamu, wa kwanza apate kusikia maana, wa pili apate kusikia matamshi. Kisha ndipo nashika kalamu.