Historia ya Visikizi vya Masikioni na Mtoto Wako Anayekimbia

  

Jioni moja tuliletewa kijana wa Kidato cha Pili, mguu umevunjika. Alikuwa akifanya mazoezi ya mbio kando ya lami, masikioni amevaa visikizi, vile ambavyo vijana huviita iyafoni. Bodaboda ilipiga honi, asisikie. Mamake akaniuliza, "Sista, nivitupe?" Kabla sijakwambia nilivyomjibu, hebu tuangalie vitu hivi vilikotoka.

Mwaka wa 1910, Mmarekani Nathaniel Baldwin alitengeneza visikizi vya kichwani katika jikoni la nyumba yake, vikanunuliwa na jeshi la majini. Vilivaliwa na watu walioketi wakipokea ujumbe wa redio. Kuziba masikio hakukuwadhuru, kwa maana hakuna gari lililopita pale.

Tarehe 1 Julai 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, mashine ndogo ya kaseti ya kutembea nayo. Sasa muziki ukatoka nyumbani ukaingia barabarani. Visikizi vyake vilikuwa na sponji nyepesi iliyokaa juu ya sikio, na sauti za nje zilipenya. Tena ilikuwa na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unapungua, unamsikia anayekusemesha.

Baadaye vikaenea vile vidogo vyenye mpira laini unaoziba tundu la sikio. Muziki ukawa mtamu zaidi, lakini honi ikabaki nje. Mwaka wa 2007 chama cha riadha cha Marekani, USATF, kilipiga marufuku visikizi katika mbio zake. Mwaka wa 2008 kikalegeza, kikawaachia waandaaji waamue, ila wanaoshindania ubingwa au zawadi wakaendelea kukatazwa.

Hatari ya pili haina kishindo. Kando ya barabara yenye kelele, kijana huongeza sauti ili aushinde mngurumo wa matatu. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani pamoja na ITU walitoa kipimo: mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua kwa nusu. Kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20, na desibeli 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa, na hapa maneno yao ni kweli tupu.

Basi, mama, utachagua vipi?

Kwa anayekimbia nje, bora ni visikizi vinavyokaa mbele ya sikio na kupitisha sauti kwenye mfupa wa shavu. Tundu la sikio hubaki wazi. Bei ikikushinda, avae kimoja tu, akimbie akielekeana na magari, na sikio la upande wa magari liwe wazi. Vile vya kuziba, hata vikiwa na mtambo wa kuingiza sauti za nje, visitegemewe kando ya lami, kwa kuwa upepo huvuruga sauti na betri huisha.

Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Simama hatua moja kutoka kwake, useme kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, apunguze. Avifute jasho, asiazimane na wenzake. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, mpeleke akapimwe.

Na vifungiwe mbali na mtoto mchanga. Vile vipira vidogo huweza kumkaba koo.

Mamake yule kijana nilimwambia asivitupe. Siku hizi mwanawe anakimbia tena, kwenye njia ya murram, na sikio moja li wazi. Nenda leo ukamwulize wako anakimbilia wapi, na amevaa nini masikioni.

Kwa leo tukomee hapo. Afya njema.