Kati ya Kufuta na Kujuta

Mfumo wa faili uliosambazwa hujengwa kwa hofu moja kubwa: mashine hufa. Diski huharibika, umeme hukatika, swichi ya mtandao huzimika, na penye seva elfu moja ni nadra siku ipite bila mojawapo kuanguka. Ndiyo maana HDFS, mfumo wa faili wa Hadoop, huigawa faili kubwa katika bloku za megabaiti 128 na kwa kawaida huhifadhi kila bloku mara tatu kwenye seva tofauti. Dhidi ya kifo cha diski, hiyo ni kinga ya kweli. Dhidi ya mkono wa binadamu haifui dafu. Mwenye ruhusa akiamuru saraka ifutwe, nakala zote tatu hutii kwa pamoja, na mfumo hauna namna ya kujua kwamba alikusudia saraka ya jirani.

Kwa hiyo wingi wa nakala si jibu. Linalobaki ni suala la muda: kati ya amri na utekelezaji wake pawe na nafasi kiasi gani, na nani awe na mamlaka juu ya nafasi hiyo? Wahandisi wa nyakati na mahali mbalimbali wamelijibu kila mmoja kwa desturi yake, na majibu yao yanatofautiana kuliko yanavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza.

Tuanze na Google. Mwaka 2003 Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walieleza hadharani mfumo wa faili wa kampuni hiyo, GFS. Humo, faili iliyofutwa haiondoki. Seva kuu huipa jina jingine lililofichika lenye tarehe ya kufutwa, kisha huiacha. Ikitimiza siku tatu, muda ambao msimamizi aliweza kuubadilisha, ndipo ukaguzi wa kawaida wa mfumo unapoiondoa kabisa. Kabla ya hapo mtu angeweza kuisoma kwa jina lake jipya na hata kuirudishia la zamani. Linalonivutia zaidi ni sababu yenyewe. Wabunifu hao hawakuanza kwa kumhurumia aliyekosea. Walitaka namna rahisi ya kusafisha mabaki katika mfumo ambao ujumbe hupotea njiani na seva hurudi zikiwa na vipande visivyo na mwenyewe. Kufuta polepole kuliwarahisishia kazi, na usalama wa mtumiaji ukapatikana humo humo kama faida ya ziada waliyoitambua na kuitaja.

Hadoop ilizaliwa kwa kufuata nyayo za kazi hiyo, lakini katika jambo hili ilichepuka. HDFS nayo ina tupio: amri ya kufuta huihamishia faili kwenye saraka ya `.Trash` ndani ya eneo la mtumiaji, ikasubiri huko. Lakini katika mipangilio ya asili ya Hadoop muda wa kusubiri ni sifuri, maana yake tupio limezimwa mpaka msimamizi aliwashe. Tena tupio hilo ni tabia ya amri inayoandikwa na mtu. Programu inayoita kazi ya kufuta moja kwa moja hulipita bila kuligusa, na hata mtu mwenyewe anaweza kuongeza `-skipTrash` akalikwepa. GFS iliweka subira katika moyo wa mfumo, ilhali HDFS iliiweka mlangoni. Wenye kuitetea Hadoop wana hoja ya haki: mzigo wa uchambuzi wa data huzalisha na kufuta faili za muda bila kukoma, na kuzishikilia zote kungejaza diski kwa takataka. Hata hivyo, naona thamani ya msingi ilipaswa kuwa kinyume, kwa kuwa msimamizi anayehitaji nafasi hulijua hitaji lake, wakati anayehitaji tupio hulijua baada ya kuchelewa.

Jibu la pili la HDFS ni imara zaidi, nalo ni snapshoti: sura ya saraka kama ilivyokuwa saa fulani, isiyoweza kuandikwa, inayopatikana chini ya njia ya `.snapshot`. Hainakili data; hukumbuka tu bloku zipi zilikuwa za nani. Na saraka yenye snapshoti ndani yake haikubali kufutwa mpaka snapshoti hizo ziondolewe kwanza.

Wazo hilo lina wazee wake. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, huko Pittsburgh, mradi wa Andrew wa miaka ya 1980 ulizaa AFS, mfumo uliowawezesha wanafunzi kuzifikia faili zao kutoka kompyuta yoyote chuoni. Penye AFS ikawa desturi, kila usiku, kutengeneza taswira ya eneo la kila mtumiaji na kuiweka ndani ya saraka yake, mara nyingi kwa jina la `OldFiles`. Mwanafunzi aliyefuta insha yake mchana aliingia humo akanakili ya jana, bila kumwomba mtu. Kasoro yake ni wazi: taswira mpya iliifuta ya zamani, hivyo aliyegundua kosa baada ya siku mbili alirudi kwenye foleni ya kanda za sumaku. Lakini ulikuwa ulinzi wa adabu sana. Ulimpa mtu wa kawaida uwezo wa kujirekebisha kimyakimya.

Bell Labs, kule New Jersey, waliifikisha fikra hiyo mwisho wake. Katika Plan 9, mfumo wao wa uendeshaji, seva ya faili ilihifadhi picha ya mfumo mzima kila siku saa kumi na moja alfajiri kwenye diski za nuru zinazoandikwa mara moja tu. Siku zilizopita zikawa mahali pa kutembelea: hali ya tarehe 15 Machi 1995 ilikaa kwenye `/n/dump/1995/0315`, ikisomeka kwa amri zilezile za kila siku. Watumiaji hawakuombwa kamwe wapunguze faili zao. Mwaka 2002 Sean Quinlan na Sean Dorward wakaleta Venti, ghala ambamo kila bloku hutambulishwa kwa alama ya SHA-1 inayotokana na maudhui yake, na ambamo amri ya kufuta haikuwekwa kabisa. AFS ilikumbuka jana peke yake. Plan 9 ilikusudia kutosahau siku yoyote.

Thamani ya tofauti hizi ilionekana Kyoto. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilipoteza takriban terabaiti 77, yaani faili zipatazo milioni 34 za makundi 14 ya utafiti, kutoka kwenye hifadhi iliyosambazwa ya Lustre. Hapakuwa na mtafiti aliyekosea. Skripti ya kutengeneza nakala rudufu ilikuwa na sehemu ya kuondoa logi za zamani, na toleo lake lililoboreshwa likaandikwa juu ya lile lililokuwa bado linaendeshwa. Ganda la amri likaendelea kusoma kutoka katikati ya faili mpya, vigezo vikiwa vitupu, na ufutaji ukageukia data ya watafiti. Makundi manne hayakuweza kurudishiwa kazi yao. Tupio la mlangoni lisingesaidia hapo, kwa sababu aliyefuta alikuwa mlinzi mwenyewe, mwenye mamlaka yote. Kilichohitajika ni nakala ambayo hata mlinzi haifikii, kama zile za Bell Labs.

Je, basi tuifuate Plan 9? Nasita, kwa sababu ya mwenye data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kama kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe, pale masharti yanapotimia. Ghala lisilojua kufuta haliwezi kumtimizia. Picha za Plan 9 zilikuwa na upungufu wa aina hiyo hiyo: kwa kuwa hazikubali kuandikwa, hata ruhusa za faili zilizomo hazikuweza kubadilishwa, hivyo aliyeacha barua yake wazi usiku mmoja aliiacha wazi katika picha ya siku ile.

Njia moja ya kupatanisha pande hizi ni kusimba data ya kila mtu kwa ufunguo wake. Nakala hubaki zote, na anapodai kufutwa, kinachoharibiwa ni ufunguo tu. Lakini kwa hatua hiyo hatari nayo imehama, maana ufunguo ukifutwa kwa bahati mbaya, kila nakala ya kila siku huwa haisomeki kwa mara moja. Hivyo subira ya GFS imeibuka upya kwenye funguo: katika huduma ya funguo ya Amazon, anayeomba ufunguo ufutwe husubirishwa kati ya siku 7 na 30, na asipochagua mwenyewe, huwekewa 30.